Ala Pepe, Ingoma na Inanga: Yanayoamuliwa Kabla ya Kurekodi katika Studio Ndogo za Gihosha, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ala pepe inavyofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia muziki, kisha yanachunguza kinachotokea ala hiyo inapotakiwa kubeba sauti za ala za asili za Burundi, hususan ingoma na inanga. Hoja kuu ni kwamba ala pepe si chombo kitupu. Kila moja ni ghala la maamuzi kuhusu ngazi ya sauti, namna ya upigaji na umiliki, na mengi ya maamuzi hayo hufanywa siku sampuli zinaporekodiwa. Studio ndogo ya Gihosha inaweza kuyafanya maamuzi hayo kwa vifaa ilivyo navyo. Pengo kubwa liko katika hati.

Utangulizi

Gihosha ni mtaa wa makazi ulio upande wa kaskazini-mashariki wa Bujumbura. Ulikuwa komini inayojitegemea hadi mwaka 2014, komini kumi na tatu za jiji zilipounganishwa kuwa tatu na Gihosha ikaingia Ntahangwa. Katika mitaa ya namna hii, iwe Bujumbura, Dar es Salaam au Nairobi, studio ya muziki mara nyingi ni chumba kimoja cha nyumba ya kawaida: kompyuta mpakato, kadi ya sauti, kipaza sauti kimoja, spika mbili na kinanda kidogo kisichotoa sauti yoyote chenyewe. Prodyuza anayehitaji besi, fidla ishirini au kinanda cha kanisa haiti mtu. Anafungua orodha, anachagua ala, anapiga.

Ala hiyo anayoichagua ndiyo inayoitwa hapa ala pepe, kwa mfano wa barua pepe na uhalisia pepe. Ni programu-jalizi, au plagini kama watayarishaji wenyewe wanavyosema: programu ndogo isiyojitegemea, inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitangaza mfumo wake wa plagini, VST, mwaka 1996, na mwaka 1999 ikaupanua ili upokee ala kamili badala ya vichujio vya sauti pekee. Tangu hapo ala zilizogharimu mshahara wa miaka kadhaa zimeshuka hadi kuwa faili. Kwa mwanamuziki wa Bujumbura hilo ni jambo jema, na hakuna sababu ya kulionea haya. Swali la makala haya ni jingine: je, orodha ile ya ala inapofunguliwa Gihosha, ala za Burundi zimo? Na kama zimo, nani aliziweka, kwa ngazi ipi ya sauti, na kwa ruhusa ya nani?

Ala pepe inavyofanya kazi

Kinanda kidogo kilichotajwa hapo juu hutuma ujumbe tu. Lugha ya ujumbe huo ni MIDI, iliyowekwa mwaka 1983 ili ala za kielektroniki za watengenezaji mbalimbali ziweze kuelewana. Kidole kinapogusa kitufe, ujumbe hutaja mambo mawili ya msingi: namba ya noti, kati ya 0 na 127, na nguvu ya mguso, hadi 127. Kidole kinapoinuka, ujumbe mwingine husema noti imekwisha. Programu kubwa huuhifadhi ujumbe huo kwenye njia yake na kuukabidhi kwa ala pepe, nayo ala hugeuza namba kuwa sauti.

Ugeuzaji huo hufanyika kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuiunda sauti kwa hesabu tangu mwanzo. Ya pili, inayohusika zaidi hapa, ni sampuli: ala halisi ilirekodiwa noti kwa noti, na kila noti ikapangiwa kitufe chake. Ala nzuri ya sampuli huwa na matabaka ya nguvu, kwa kuwa ngoma iliyopigwa taratibu ina rangi ya sauti tofauti na ile iliyopigwa kwa kishindo. Kupunguza tu ukubwa wa sauti hakutoshi. Huwa pia na sampuli za zamu, yaani rekodi kadhaa za pigo lilelile zinazopokezana. Bila hizo sikio hugundua upesi kwamba pigo moja linarudiwa, na ngoma hugeuka kuwa cherehani.

Jambo moja la kiufundi huwasumbua wanaoanza: kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone. Hukusanya sampuli kadhaa katika bafa kisha huzitoa kwa mkupuo. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 5.8. Bafa ya 1,024 huichelewesha kwa milisekunde 23 hivi, na hapo mpigaji huanza kuhisi kwamba kidole na sikio haviendi pamoja. Kompyuta dhaifu hulazimisha bafa kubwa. Dawa inayotumika ni kuzigandisha njia zilizokwisha, yaani kuzigeuza kuwa sauti ya kawaida ili ala zake zisiendelee kuilemea kompyuta, kisha kupunguza bafa wakati wa kupiga njia mpya. Mahali ambapo umeme hukatika, kugandisha kuna faida nyingine: kazi inapohamia kwenye betri au kwenye kompyuta ya jirani, sauti inakwenda hata kama ala iliyoizalisha haimo humo.

Katika milisekunde 23 sauti husafiri hewani takriban mita 8. Katika nusu duara ya wapigaji wa ingoma, umbali kati ya aliye ncha moja na aliye ncha nyingine hutosha kuleta ucheleweshaji unaokaribia huo. Wao hawauhesabu kuwa kasoro. Ni sehemu ya upana wa sauti yao.

Ingoma: pigo moja na kundi zima

Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa mwaka 2014 katika Orodha Wakilishi ya UNESCO ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Ngoma zenyewe hutengenezwa kwa gogo la mti uitwao umuvugangoma, jina linaloutaja mti kwa kazi yake ya kuifanya ngoma iseme, na hufunikwa kwa ngozi ya ng'ombe iliyobanwa kwa vigingi vya mti. Katika kundi zina kazi tatu. Amashakwe hushikilia mdundo usiokoma. Ibishikizo hufuata mwongozo wa ngoma ya katikati. Ngoma hiyo ya katikati ni inkiranya, inayopokewa kwa zamu na mpigaji anayecheza huku akipiga, na ndiyo inayoamua lini mdundo ubadilike. Idadi ya ngoma huwa witiri. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ya utawala, na ufalme ulipofutwa mwaka 1966 maana ya pili haikufutika katika lugha. Kiswahili nacho kimepanua neno hilohilo kwa namna yake: ngoma ni ala, ni mchezo, ni shughuli yenyewe, na kwa vijana wa studio leo ni wimbo mpya uliotoka. Ala pepe hubeba maana ya kwanza peke yake.

Kuandaa sampuli za ingoma si kazi isiyowezekana. Tuseme zinachukuliwa ngoma tatu, moja kwa kila kazi. Kila ngoma inapigwa kwa namna nne, katikati ya ngozi, ukingoni, ubavuni mwa gogo, na fimbo kwa fimbo. Kila namna kwa matabaka sita ya nguvu. Na kila tabaka mara tano kwa ajili ya zamu. Hayo ni mapigo 360. Kila pigo likipewa sekunde nne za sauti ya njia mbili, kwa biti 24 na kasi ya 48,000, jumla ni takriban megabaiti 415, mzigo ambao kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu inaubeba bila shida. Kazi ya siku moja, kipaza sauti kizuri na mahali palipotulia vinatosha. Mahali hapo hapatakuwa chumbani Gihosha, kwani ngoma za ukubwa huo zingekitikisa chumba na kuta zake zingesikika katika kila sampuli. Kifaa ndicho kinachopaswa kupanda mlima kwenda kwa wapigaji, kwa mfano Gishora karibu na Gitega, wala si abatimbo kushuka mjini.

Ugumu unaanza baada ya hapo. Mapigo 360 yaliyotengwa ni ngoma zisizosikilizana. Ngoma moja inapopigwa ndani ya kundi, ngozi za jirani nazo hutetemeka kidogo, na vipaza sauti hunasa mtetemo huo. Kadhalika amashakwe hazipigwi kwa usawa wa mashine: mapigo husogea mbele au nyuma kidogo, na kusogea huko hufuata inkiranya. Programu ya kurekodia, kwa desturi yake, humpa prodyuza gridi na amri ya kunyoosha kila pigo liangukie mstari. Amri hiyo hutumiwa kwa mazoea, na ndiyo inayofuta uhusiano wa kiongozi na wafuasi. Kwa hiyo maktaba ya ingoma yenye manufaa inahitaji vitu viwili pamoja: mapigo yaliyotengwa, na vifungu virefu vya kundi zima vikipigwa bila metronomu, ili prodyuza apate kuichota gridi yake kutoka kwa wapigaji badala ya kuwalazimisha wao waifuate ya mashine. Programu nyingi za leo zina uwezo wa kuchota mwendo wa mdundo kutoka katika rekodi. Ni amri isiyotumika sana, na inastahili kufundishwa kabla ya ile ya kunyoosha.

Inanga: sauti ambayo haimo katika ala

Kwa inanga tatizo ni la ndani zaidi. Inanga ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi hupitishwa juu yake huku na huku mara nane au zaidi kutegemea ala. Mpigaji huikaza kwa kufuata sauti yake mwenyewe na wimbo anaotaka kuimba. Katika mtindo maarufu wa Burundi haimbi kwa sauti, hunong'ona.

Mnong'ono hauna kimo cha noti. Ni pumzi na kelele tu. Hata hivyo msikilizaji wa inanga ya kunong'ona husikia maneno yakiimbwa, yakipanda na kushuka pamoja na nyuzi. Cornelia Fales, katika makala yake ya mwaka 2002 kuhusu kitendawili cha rangi ya sauti, alionyesha kwamba kimo hicho ni cha nyuzi, lakini sikio huunganisha nyuzi na mnong'ono na kumpa mwimbaji sauti ambayo hakuitoa. Awali, mwaka 1994, Fales na Stephen McAdams walikuwa wamechunguza namna kelele na noti zinavyoyeyukiana katika ala za Kiafrika. Kwa kuwa Kirundi ni lugha ya toni, nyuzi hapa zinasaidia kuibeba toni ya maneno ambayo mnong'ono umeipoteza.

Basi mtu akirekodi nyuzi nane za inanga, moja moja, safi, bila mnong'ono, na kuzipanga juu ya kinanda, amepata nini? Amepata zeze la mezani. Kilichokuwa kikisikika hakikuwamo katika nyuzi wala katika mdomo. Kilizaliwa kati ya viwili hivyo. Mazoea ya studio ya kurekodi ala leo na sauti kesho, kila moja kwenye njia yake na kila moja na mwangwi wake, yanaelekea kuutenganisha muungano huo hata pale mpigaji na mnong'onaji wanapokuwa mtu mmoja. Ni heri kusema wazi kwamba mtindo huu si wa kufanyiwa ala pepe. Ni wa kurekodiwa mzima, katika chumba kimoja, kwa pigo moja refu. Si kila kinachoweza kukatwa sampuli kinafaa kukatwa.

Hata inanga isiyo na mnong'ono, pamoja na ikembe, hukutana na kikwazo cha ngazi. Namba za noti za MIDI, zisipoelekezwa vingine, husomwa kama nusu-toni sawa kumi na mbili katika oktavu, kila moja senti 100. Ala zilizokazwa kwa sikio la mwenyewe hazikai hapo. Moelants, Cornelis na Leman (2009), waliopima rekodi za Afrika ya Kati zilizomo katika Jumba la Makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, walihitimisha kwamba ngazi hizo haziwezi kufinyangwa kuwa aina moja ya kinadharia, na kwamba athari ya muziki wa Magharibi imeongezeka katika rekodi za miongo ya karibuni. Rekodi hizo ni za kabla ya plagini kuenea mitaani. Ala pepe haikuanzisha mwelekeo huo, ila inaurahisisha: sampuli ya ikembe inapoingizwa katika programu, hatua ya kwanza ya wengi ni kuirekebisha ilingane na piano, kisha hakuna anayekumbuka ilivyokuwa.

Ufumbuzi upo na haugharimu fedha. Programu ya Tarsos, iliyotengenezwa na Joren Six na Olmo Cornelis, hupima vimo vya noti moja kwa moja kutoka katika rekodi na kuvitoa kama ngazi. Ngazi hiyo huhifadhiwa katika faili la Scala, ambalo ni maandishi ya kawaida, na ala pepe nyingi hulisoma. Mwanamuziki Khyam Allami naye alitoa mwaka 2021 zana za bure zinazofanya kazi katika kivinjari, Leimma na Apotome, kwa lengo hilohilo la kuutoa muziki wa kompyuta katika ngazi moja. Kinachohitajika ni kwamba anayerekodi inanga au ikembe aipime siku hiyohiyo, kabla haijakazwa upya, na kuliweka faili la ngazi pamoja na sampuli. Ikembe itarekodiwa pamoja na mvumo wa pete zake za chuma. Mafundi wengi wa mjini huuona mvumo huo kama uchafu na kuuchuja; kwa fundi aliyeifunga pete ile, ndiyo sauti.

Rekodi ya 1967

Kinachotokea pale maamuzi yanapofanywa mbali kinajulikana, na Burundi ni mfano wake mashuhuri kuliko wote. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alirekodi muziki nchini humo, na lebo ya Ocora, ya redio ya Ufaransa, ikaitoa rekodi hiyo. Kipande cha ingoma kilichomo kilisafiri kuliko wapigaji wake. Mwaka 1971 Mfaransa Mike Steiphenson aliongeza piano na gitaa juu yake, kikatoka kwa jina la "Burundi Black". Kundi lililotajwa kwenye sahani liliitwa Burundi Steiphenson Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell alikitumia kama msingi wa "The Jungle Line" katika albamu ya The Hissing of Summer Lawns. Miaka ya 1980 na 1981 mdundo wa namna hiyo, ukipigwa kwa ngoma za Kizungu, ukawa alama ya Adam and the Ants na Bow Wow Wow kule Uingereza, na magazeti yakaupa jina la mdundo wa Burundi.

Jina la nchi lilienea. Majina ya wapigaji hayakwenda nalo. Mabadiliko yalionekana pale wapigaji wenyewe walipofika: The Drummers of Burundi walipanda jukwaa la tamasha la kwanza la WOMAD mwaka 1982, na albamu yao ya moja kwa moja ilitolewa na Real World muongo mmoja baadaye. Huo ulikuwa mwili wa mpigaji jukwaani, na jina la kundi kwenye jalada. Sampuli hairudishi hata kimoja kati ya hivyo isipolazimishwa.

Nani anamiliki pigo

Kisheria pigo moja la ngoma haliwi kazi ya utunzi. Lakini rekodi ya pigo hilo ina mwenyewe, naye kwa kawaida ni yule aliyegharimia kurekodi. Mpigaji ana hakishiriki zake juu ya upigaji uliorekodiwa. Burundi ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 2005, pamoja na ofisi ya hakimiliki, OBDA. Maktaba za sampuli zinazouzwa duniani hufuata desturi inayofanana: mnunuzi hulipa mara moja, hutumia sauti katika nyimbo zake bila kulipa tena, ila haruhusiwi kuziuza sampuli zenyewe. Mpigaji aliyeketi mbele ya kipaza sauti kwa kawaida alilipwa siku ile, basi.

Hapo ndipo studio ya Gihosha inapopata uzito kuliko ukubwa wa chumba chake. Ikirekodi yenyewe, yenyewe ndiyo mtayarishaji wa rekodi, na masharti ni yake na ya wapigaji. Inaweza kukubaliana nao kwamba sampuli ni bure kwa wanamuziki wa nchini na kwa malipo kwa wengine. Kwamba midundo ya shughuli fulani haitakatwa kabisa. Kwamba sehemu ya mauzo inarudi kwa kundi kila mwaka. Makubaliano hayo ni karatasi moja au mbili, na lazima yasainiwe kabla kipaza sauti hakijawashwa. Rekodi ikishatoka, hakuna ofisi itakayoirudisha.

Washauri wa sera watakutana pia na amri ya rais ya Oktoba 2017, inayotaka maonyesho ya ngoma yawe na kibali, na inayowakataza wanawake kuzipiga. Amri hiyo iliandikwa kwa ajili ya miili na viwanja. Haielekei kuwa iliandikwa ikimfikiria msichana aliyeketi chumbani Gihosha anayebonyeza kitufe kilichobeba sauti ya inkiranya. Je, amepiga ngoma? Jibu lolote litahitaji kwanza kueleza ala pepe ni nini, na ni vyema jibu hilo likaandaliwa na wanaoijua kazi yenyewe, kabla ya kesi kulilazimisha. Vivyo hivyo kwa kibali: kundi linalorekodi sampuli halionyeshi mbele ya hadhira, lakini sauti yake itasikika katika maonyesho yasiyo na idadi.

Limebaki jambo dogo la utekelezaji. Kati ya miundo ya kuhifadhia ala za sampuli, ule wa SFZ ni wazi kwa wote, na faili lake kuu ni maandishi ya kawaida yanayoeleza sampuli ipi ikae kitufe kipi, kwa nguvu ipi. Mstari unaoanza kwa mikwaju miwili hausomwi na kompyuta. Ni maelezo kwa binadamu tu. Hapo juu kabisa, kabla ya kitufe cha kwanza, panatosha kuandikwa jina la kundi, majina ya wapigaji waliokubali kutajwa, mlima wanakotoka, mti wa ngoma, tarehe, faili la ngazi na namba ya makubaliano yaliyowekwa OBDA. Kwa ingoma tatu na mapigo yake 360, maelezo hayo ni mistari isiyozidi ishirini.